Kipimo Kimoja cha Baruti

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika ukumbini hapa baada ya kumsindikiza Mohamedtaki Ramzanali Hirji kwenye makazi yake ya mwisho asubuhi ya leo, tarehe 24 Februari 2018, familia inawashukuru kwa kutoka majumbani mwenu katika baridi hii, na inawaomba mkae kidogo kabla ya chakula, kwa sababu kinachosomwa sasa si mazoea ya jamaa yetu. Sisi tukishazika husoma Fatiha, hula, huagana. Lakini mwaka 2008 marehemu alihudhuria kanisani mazishi ya mume wa jirani yake, Bibi Donatienne Mapendo, akasikia maisha ya yule bwana yakisomwa tangu kuzaliwa hadi kufa, akarudi nyumbani akisema kwamba jambo lile ni zuri, kwani mtu husimuliwa mzima, si nusu. Aliagiza naye asomewe, na isomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa yumo humu mtu anayestahili kuisikia kwa lugha iliyo karibu na moyo wake, wajukuu watatafsiriwa baadaye na binti yake Sakeena. Anayesoma ni mdogo wa marehemu, Nurudin, ambaye naye ametajwa humu, mahali pasipompendeza, na aliapishwa asiruke neno.

Mohamedtaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 mjini Lindi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Ramzanali Hirji, fundi wa cherehani na majiko ya mafuta, na Bibi Khairunissa. Duka la baba yao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na mbali na cherehani, wawindaji waliotoka bara walikuwa wakileta humo magobori yao yaliyokufa springi, mzee akiyatengeneza nyuma ya pazia, kwa hiyo Mohamedtaki alijua jina la kila kipande cha gobori kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lindi kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, kisha akapelekwa kwa shangazi yake Dar es Salaam, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1962. Walimu walimwandikia kwamba mikono yake ni mizuri kuliko mwandiko wake.

Mwaka 1963 aliingia kujifunza kazi kwa fundi wa saa na mizani, mtaa wa India, na tangu mwaka 1966 alikuwa akizunguka mikoani kukagua na kutengeneza mizani za maduka, za pamba na za korosho, kazi aliyoipenda kwa sababu, kama alivyokuwa akisema, mizani ndiyo kitu pekee dukani kisichojua mwenye duka ni nani. Tarehe 5 Septemba 1970 alimwoa Bibi Zebunissa, binti wa mwuza vitambaa wa Kariakoo, ndoa iliyodumu miaka arobaini na mitatu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sakeena, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1973, na Zaheer, aliyezaliwa hapa Toronto mwaka 1977. Walihamia huku Februari 1975, wakapanga Thorncliffe Park, ghorofa ya tisa, katika nyumba ambayo marehemu hakuihama tena mpaka alipotolewa kwa gari la wagonjwa. Kuanzia mwaka 1976 hadi tarehe 30 Juni 2005 alifanya kazi katika karakana moja ya Don Mills, akitengeneza mizani za maabara, zile zinazoweza kupima unyoya, na siku ya kumuaga meneja alisimama akasema kwamba katika miaka ishirini na tisa hakuna hata mizani moja iliyopita mikononi mwa Taki ikarudishwa na mteja. Maneno hayo aliyarudia nyumbani mara nyingi, na familia inayataja leo kwa sababu ndiyo yaliyomponza.

Mtu aliyezoea kupima unyoya, akistaafu, mikono humwasha. Mwezi Januari 2006 alifuatana na Nurudin kwenye maonyesho ya vitu vya kale, akaona ndani ya boksi la kadibodi bastola ndogo ya mtindo wa zamani, ile ya kujaziwa baruti nyeusi mdomoni kama gobori, ikiwa vipande vipande, mtutu haujapigwa tupa, mbao ya mjozi imechongwa nusu, springi na skrubu zimefungwa kwenye mfuko, ikimsubiri mtu mwenye subira aimalizie. Alisimama pale mpaka chai yake ikapoa mkononi. Bibi Zebunissa alipoliona boksi lile mezani kwake alishika kiuno.

"Miaka yote hii umetengeneza mizani ili watu wasidhulumiane, leo unaniletea bunduki?"

"Ni kama saa tu, mama Sakeena, ila haina mishale."

"Basi hiyo saa yako isilale nyumbani kwangu."

Ndivyo chumba cha chini ya nyumba ya Nurudin, kule Don Mills, kilivyogeuka karakana. Marehemu alifuata sheria zote, alifanya mtihani, akapata leseni, akanunua kabati la chuma lenye kufuli mbili, akajiunga na klabu ya walenga shabaha iliyo nje ya mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na kila Jumanne na Alhamisi alishuka ngazi zile na miwani yake ya fundi, akapiga tupa, akapiga msasa, akapaka mafuta. Hakuwa mtu wa kupenda mlio. Alipenda kifyatulio kinachovutika laini, mbao inayoshika chuma bila uwazi hata wa unywele. Kati ya mwaka 2006 na 2009 alimaliza bastola tano, kila moja na kisanduku chake, na ndani ya kila kisanduku kulikuwa na bitana ya mahameli nyekundu iliyoshonwa na Bibi Donatienne.

Bibi Donatienne, ambaye wengi wenu mnamfahamu, ni mzaliwa wa Bukavu, alifika hapa mwaka 1999, akapanga ghorofa ya saba katika jengo lile lile, na kazi yake ilikuwa kushona magauni ya harusi katika duka moja la mjini. Yeye na Bibi Zebunissa walifahamiana katika chumba cha kufulia nguo, wakagundua wanaweza kuongea bila Kiingereza, na tangu siku hiyo wakawa kama ndugu. Alimwita marehemu Papa Taki. Mume wake alipofariki, marehemu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na mama huyu alipokuwa hana hamu ya kitu, kushona zile bitana ndogo kulimpa sababu ya kukaa mezani.

Bastola ya sita ilikuwa ndogo kuliko zote, ya kuenea kiganja cha mwanamke, na marehemu aliifanyia kazi miezi mitatu kwenye mbao peke yake, akailazia nyuzi za fedha kwa mkono. Mwezi Aprili 2009, mbao ikiwa imekwisha kukaa sawa na mtutu wake, alipokuwa akiung'arisha mtutu huo aliona karibu na kitako mstari mwembamba, wa kuonekana kwa kioo cha kukuzia tu. Nurudin alikuwa amekaa kando yake na kikombe cha kahawa.

"Hiyo nini, kaka?"

"Mkwaruzo wa tupa."

"Mbona kama unaingia ndani?"

"Nimesema mkwaruzo."

Haukuwa mkwaruzo. Fundi aliyesoma nyufa za chuma miaka arobaini hawezi kukosea, na marehemu alitaka iandikwe wazi kwamba hakukosea, alijua. Kuurudisha mtutu kwa aliyeuuza kulikuwa na maana ya kutupa mbao na fedha na miezi mitatu, na kukubali kwamba kitu kibovu kilipita mikononi mwake hadi hatua ya mwisho bila kukiona. Akaupaka mtutu rangi ya hudhurungi, mstari ukatoweka. Akaenda klabuni peke yake, akaifyatua mara mbili, ikastahimili, akajiambia kwamba mtu akiogopa kila kitu hatafanya lolote. Nurudin hakusema tena, kwa sababu tangu utotoni kaka yake alikuwa hajibishwi mara ya pili.

Tarehe 13 Juni 2009, siku ya Jumamosi, klabu ilifungua milango kwa wageni. Bibi Donatienne aliomba kwenda. "Ninashonea watoto wako vitanda, Papa Taki," alisema, "sijasikia hata mmoja akilia." Walikwenda watatu, wakala sambusa njiani. Uwanjani marehemu alimpa ile ya sita, kwa kuwa ilimwenea mkono, akamwonyesha namna ya kuijaza, na mama akaijaza mwenyewe, kipimo kimoja cha shaba cha baruti, na risasi yake, taratibu, huku marehemu akimtazama na Nurudin akiwa hatua mbili nyuma. Alipofyatua, mtutu ulipasuka pale pale kwenye ule mstari. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikwenda. Miwani ya klabu iliyaokoa macho yake.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, msimamizi wa uwanja alimgeukia marehemu, uso umempauka, akamwuliza kama inawezekana yule mama alijaza baruti mara mbili. Marehemu alijibu neno moja tu, akasema, "Inawezekana." Alisimulia baadaye kwamba neno hilo lilimtoka kabla ya kulifikiria, kama mtu anavyoinua mkono akirushiwa kitu, lakini lilipokwisha kutoka alilishikilia. Siku ya pili aliliandika kwenye fomu, siku ya tatu akalirudia mbele ya polisi. Nurudin alipoulizwa alisema alikuwa amegeuka, hakuona. Alikuwa hakugeuka. Vipande vya bastola vilikaguliwa, vikaonekana vidogo mno kuthibitisha lolote, na klabu ikaandika kwamba ajali ilitokana na kosa la mgeni.

Mama alipoletewa habari hiyo hospitalini alikataa, akasema alijaza kimoja, ana hakika. Baada ya wiki moja akasema nadhani kimoja. Mwisho wa mwezi, marehemu na mkewe walipomtembelea, alianza kulia kabla hawajakaa, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Pardon, Papa Taki. Mimi njo niliharibisha kazi yako. Nilikuwa na furaha, labda nilisahau, nikatia mara mbili."

Marehemu alisimama pale na mfuko wa machungwa. Alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema kweli, ilikuwa pana kama mlango wa msikiti, naye akasema, "Usijali, Donatienne. Ni kitu tu."

Hakugusa tupa tena baada ya hapo. Bastola tano alizikabidhi polisi ziharibiwe, leseni akaiacha ikafa, na watu wakamsifu kwa huruma yake. Bibi Donatienne alipoteza kazi ya kushona, akawa akikata mboga katika jiko la shule kwa mkono wa kushoto. Kila Jumatano kwa miaka miwili marehemu alimpeleka mazoezi ya mkono kwa gari, akamtengenezea kibanio cha kushikia kitambaa, akamfungia makabati ukutani, akamjazia fomu, na kila alipomaliza mama alimshukuru, na kila asante ilimchoma, akitafuta kazi nyingine ya kumfanyia ili asiwe na muda wa kusema. Kule klabuni kisa cha mgeni aliyejaza mara mbili kilikuwa kikisimuliwa kila msimu kuwaonya wapya. Hapa Thorncliffe nako kilifika, na yapo majirani, wengine wamo humu, waliokuwa wakimtania kwenye lifti wakimwita mama baruti mbili, naye akicheka pamoja nao. Hata Bibi Zebunissa, kwa mapenzi tu, alikuwa akimwambia, "Dona, wewe hata chumvi usitie, utatia mara mbili." Bibi Zebunissa alifariki tarehe 2 Novemba 2013 akiwa haujui ukweli, na marehemu alisema kwamba katika yote aliyomficha mkewe, hilo ndilo aliloliogopa zaidi kwenda kuulizwa.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2015, figo zikashindwa kazi, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kuanzia Desemba 2017 moyo nao ukachoka, akalazwa. Tarehe 16 Januari mwaka huu, saa tisa alasiri, Bibi Donatienne alimletea uji, akaushika mkono wake kwa vidole vitatu alivyobaki navyo. Nurudin alikuwepo.

"Donatienne," marehemu alisema, "siku ile ulijaza kipimo kimoja."

"Tuache ile habari, Papa. Ni ya zamani."

"Kimoja. Nilikuwa nakutazama. Mtutu ulikuwa na ufa, niliuona miezi miwili kabla, nikaupaka rangi."

Mama hakuuliza kwa nini. Alimgeukia Nurudin. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua," Nurudin alisema.

Mama akaliweka bakuli la uji mezani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Miaka minane. Wajukuu wangu wakija siwashi jiko. Nikivuka nao barabara ninawaachia mama yao awashike. Ninasema mimi ni mtu wa kusahau, nitawaua." Akachukua koti lake akaondoka.

Siku kumi na mbili hakuonekana. Marehemu hakutaka kusafishwa damu siku mbili kati ya hizo, Sakeena akamgombeza, akakubali. Tarehe 28 Januari mama alirudi, hakuvua koti, hakukaa.

"Sijakuja kukusamehe, Papa Taki. Hiyo sijui kama itakuja. Ulinisema mbele ya watu, donc, basi, mbele ya watu njo utanitoa lawamani. Si hapa kitandani, mimi na wewe na ukuta."

"Nitafanya," marehemu alijibu.

Alianza siku ile ile. Aliwaita watoto wake, akawaambia, na Zaheer alitoka nje ya chumba asirudi mpaka kesho yake. Aliandika barua kwa klabu na kwa polisi, Nurudin akajitolea kumwandikia, akakataa. Kisha akamwomba Nurudin akae na karatasi, akaisema historia hii, sehemu hii yote kwa maneno yake mwenyewe, siku nne, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Nia yake ilikuwa asimame katika ukumbi huu yeye mwenyewe, Ijumaa moja, na daktari alikuwa amekwisha kukubali aletwe kwa kiti cha magurudumu tarehe 23. Hakufika. Alifariki tarehe 22 Februari 2018, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, akiacha watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja. Barua ya klabu ilifika jana, ina mistari mitatu, inasema kumbukumbu zao zimesahihishwa, na nakala ya barua hiyo imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi huu na itabandikwa kwenye lifti za jengo letu.

Kwa hiyo, mbele yenu nyote, kama marehemu alivyoagiza, na kwa maneno aliyoyachagua: Donatienne Mapendo hakujaza baruti mara mbili. Alijaza mara moja, kama alivyoelekezwa, kwa uangalifu kuliko fundi aliyemwelekeza. Hakusahau kitu. Aliyejua kwamba ile bastola ni mbovu ni Mohamedtaki, aliyemsingizia ni Mohamedtaki, na aliyenyamaza ni Nurudin.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia akiwasahihishia mizani yao, inawashukuru majirani wa ghorofa ya tisa waliotuletea chakula siku hizi tatu, wenzake wa zamani wa karakana ya Don Mills waliosafiri kutoka mbali, na vijana waliochimba kaburi ardhi ikiwa imeganda. Bibi Donatienne hatumshukuru kwa kuja, kwa kuwa hakuja kwa ajili yetu, wala hatumwombi msamaha hapa, kwa sababu kumwomba mtu mbele ya watu mia mbili ni kumlazimisha. Mliokuwa mkimtania kwenye lifti, mnajijua. Nurudin naye, ambaye yu hai na hana wa kumsomea, akishakunja karatasi hii ataliacha jukwaa na kwenda kusimama mbele ya kiti cha mama huyu, na atakachoambiwa atakipokea.

Mwenyezi Mungu, ambaye mizani yake haipakwi rangi, akuhukumu kwa rehema kuliko haki. Nenda kapumzike, kaka.